Usikalie Tangi, Rehema

Rehema binti yangu,

Salamu za kuulizana hali tuziache. Tumeonana asubuhi, tumegombana, na chai yako umeiacha nusu kikombe. Najua u mzima, isipokuwa mkono wa kulia, na mkono huo ndio ulioniketisha hapa na kalamu.

Umekwenda mjini kutafuta koti la mvua na kuagana na rafiki zako. Mama yako yuko kibandani kwake pale njiapanda ya Mamboleo, anakanda unga wa chapati za jioni. Mimi nimerudi kutoka msikitini baada ya adhuhuri nikaufunga mlango wa chumba, kwa sababu yale niliyoshindwa kukuambia leo bila kupiga meza nataka yawe kwenye karatasi kabla hujarudi. Mwandiko usikushangaze. Kalamu imeshaniponyoka mara tatu na huu ni ukurasa wa kwanza tu. Mama yako alitaka nimtajie maneno yeye aandike, nikakataa. Nina hasira, na hasira yangu nataka niiandike mwenyewe.

Mambo ya kula vizuri, kuswali kwa wakati na kuchagua marafiki mama yako atakuambia, tena atayarudia mpaka utie ufunguo kwenye pikipiki. Mimi sina la kuongeza hapo.

Kesho utapita mjini, Kisian, Holo, Kombewa, Ndori, mpaka Luanda Kotieno, upande feri uvuke kwenda Mbita. Huko utakuwa mtu wa kazi: kubeba damu za wagonjwa na dawa kwa pikipiki, zahanati hadi zahanati, kutwa nzima kwenye barabara za mawe. Ni wasichana wangapi wa Mamboleo wamepata kazi kama hiyo? Nimewatangazia hata watu ambao huwa siwasalimii. Kwa hiyo usije ukasema baba hakutaka uende. Nataka uende. Ninachokasirikia ni ile fomu ya kazi unayokwenda kuwakabidhi.

Uliiacha mezani Jumapili ili niweke sahihi yangu kama mzazi. Nikaisoma yote, maana mimi si mtu wa kutia sahihi kitu nisichokisoma. Pale katikati kuna swali: je, mwombaji ana maumivu au ganzi mikononi? Na wewe, kwa mwandiko wako ambao siku zote ni mzuri kuliko wangu, umeandika: Hapana.

Jumapili hiyo hiyo nilikuona mlangoni ukihangaika na mkanda wa helmeti. Uliuvuta ukakuponyoka, ukauvuta tena ukakuponyoka. Ukamwita mama yako akufungie, ukasema kucha zako ni ndefu. Kucha hizo ulizikata Ijumaa, nilikuwa nimekaa hapo hapo. Halafu ukaukung'uta mkono wa kulia pembeni mwa mwili, mara mbili, ukidhani hakuna anayekutazama. Nikakuuliza una nini. Ukanijibu, "Ni baridi tu, Baba."

Baridi gani, Kisumu hii?

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Ni yangu. Niliyatumia miaka mingi mpaka yakachakaa, nikamwambia mama yako, nikamwambia kila aliyeuliza, na sasa umeyaokota na kuyavaa. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilikuwa natumaini hata uongo wako ungekuwa wako, si wa kwangu.

Sasa nisikilize. Nitakuambia mambo ambayo hata mama yako anayajua nusu.

Wewe ulinijua kama baba wa samaki. Ulikuwa unanusa harufu kabla hujanisikia. Lakini hukuwahi kupanda nami njia ile mzigo ukiwa juu. Asubuhi pale bichi ya Luanda Kotieno tulikuwa tunapakia mbuta kwenye sanduku, barafu chini, samaki, barafu tena juu, halafu unaondoka mbio kabla barafu haijayeyuka. Sanduku langu nililitengeneza mwenyewe, mbao nje na bati ndani. Unalikumbuka, lilikaa uani kwetu miaka. Lilikuwa refu kuliko keria, likala na kiti chote. Wewe dereva ukae wapi? Ulikaa juu ya tangi la mafuta, magoti yamepanda huku na huku, sanduku linakusukuma mgongoni, na uzito wote wa kiwiliwili unaubeba kwa viganja.

Na hatukuona kuwa hilo ni tatizo. Tuliona ni sifa. Pale bichi, aliyekaa kitini kwa raha tulimcheka. Tulisema huyo anatembeza pikipiki ipunge hewa, hana samaki. Ukikalia tangi, kila mtu njiani anajua una mzigo, una kazi, wewe ni mwanamume wa maana. Mimi nilikuwa nakalia tangi hata narudi na sanduku tupu. Jumamosi nilikuwa nakalia tangi kwenda kununua sukari.

Barabara ya kutoka bichi siku hizo ilikuwa mawe matupu. Nikifika Ndori, vidole vinaanza kuwasha. Nikifika Kisian, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimelala kabisa, nazungusha mshikio wa mafuta kwa kiganja tu. Nikishuka sokoni naukung'uta mkono, dakika chache damu inarudi, nasahau. Na kila aliyeniuliza nilimwambia ni barafu, ni baridi ya samaki. Fikiria akili ya mtu mzima: barafu iko nyuma yangu, mikono iko mbele, na bado nasema ni barafu. Na watu wakakubali. Hakuna hata mmoja aliyenicheka.

Omondi ndiye aliyeniletea dawa. Unamkumbuka, yule mwenzangu wa njia aliyekuwa akikuletea miwa. Yeye pia mikono ilikuwa inamfia. Akakata vipande viwili vyembamba vya tyubu kuukuu ya gurudumu, akanifunga kwenye vifundo vya mikono, akavuta mpaka nikasema basi. "Kaza hapo, omera, ndugu yangu, nguvu isitoke." Ndani ya mwezi mmoja sisi wote tuliobeba samaki tulikuwa tumefungwa mipira myeusi mikononi, tukaonekana kama timu moja. Vidole vilivimba, kucha zikabadilika rangi, na tulipoona mishipa imetutumka tukasema unaona, nguvu inakaa. Tulikuwa tunajinyonga mikono kwa hiari yetu na kupongezana.

Haikutosha. Omondi akaleta kipande cha tatu. Hiki tulikifunga kwenye mshikio wa mafuta wenyewe, kati yake na usukani, kiubane usirudi. Ukishauzungusha unakaa hapo hapo, mkono unapumzika. Raha tupu. Nilishukuru Mungu kwa tyubu.

Hadithi ya ng'ombe wa Holo uliisikia ukiwa mdogo, jinsi walivyotoka kichakani wakanirukia barabarani. Nataka leo uisikie ilivyokuwa. Ng'ombe hawakuruka. Walikuwa wamesimama katikati ya barabara muda mrefu, wanne, na mimi niliwaona kutoka mbali kabisa. Niliachia mafuta, mpira haukuachia. Nikataka kushika breki ya mbele. Vidole vyangu vilikuwa juu ya breki, niliviona kwa macho yangu vimekaa pale, lakini havikuvuta. Niliviamuru vikanitazama tu. Nikaipeleka pikipiki mtaroni, sanduku likafunguka, mbuta wakateleza barabarani.

Mama mmoja mzee alitoka shambani akaniokotea samaki mmoja mmoja kwenye leso yake, akawarudisha wote isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa halali yake. Akanitazama mikono akaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia ni ng'ombe. Nikaja nyumbani nikamwambia mama yako ni ng'ombe. Mpaka leo nikipita Holo nawaonea aibu wale wanyama.

Usukani ulipinda, nikaupeleka kwa fundi Jasbir, yule Kalasinga wa spea. Babu yake alifika Kisumu kwa kazi ya reli kama babu yangu aliyetoka Pwani, lakini Kijaluo chake kinanishinda mimi niliyezaliwa na Mjaluo. Akanyoosha usukani, akaniambia nipande nikae kama ninavyokaa siku zote. Nikakalia tangi. Akazunguka pikipiki nzima, mikono nyuma, halafu akasimama mbele yangu.

"Mzee, hii mikono yako imekuwa miguu," akasema. "Ndio inabeba wewe."

Akanionyesha jinsi breki na klachi zilivyoelekea juu, kwa hiyo kila nikizishika kifundo kinakunjika nyuma, na mshipa unaopita hapo unabanwa kutwa nzima. Akazilegeza akaziteremsha mpaka mkono ukanyooka na bega. Akatikisa injini, nati zake zilikuwa zimelegea, ndiyo maana mtetemo wote ulikuwa unapanda kwenye usukani. Akatia mafuta kwenye waya wa kuvutia mafuta, mshikio ukawa mwepesi, ukazungushwa kwa vidole viwili. Akachukua wembe akakata mipira ya tyubu, wa mshikio na ya mikononi. Akaniambia nilipunguze sanduku shubiri moja, nipate kiti changu, miguu na mgongo vinibebe, mikono iwe ya kuongoza tu. Na nisimame Ndori, na nisimame tena Kombewa, hata kama barafu inayeyuka.

Nikamjibu kwamba nimekuja kunyoosha usukani, sikuja darasani. Akacheka. Akaushika mkono wangu wa kulia akaubonyeza hapa chini ya gumba, akaacha kucheka.

"Peleka huu mkono hospitali, omera. Spea yake mimi sina."

Ningeondoka hapo nikafanya alivyosema, leo nisingekuandikia barua hii. Nilifanya nini? Sanduku sikulipunguza, nililitengeneza kwa mikono yangu na sikutaka mtu anifundishe. Omondi aliona breki zimeshuka akauliza kama siku hizi naendesha pikipiki ya kike. Kesho yake nikazipandisha tena. Mipira nikafunga mipya. Nilikuwa na jibu mkononi, Rehema, nikaliharibu kwa spana yangu mwenyewe kwa sababu ya kicheko cha mtu mmoja. Na Omondi mwenyewe siku hizi hawezi kufungua kifuniko cha chupa. Tukikutana tunasalimiana kwa viwiko na kufanya kama ni utani.

Hayo yalikuwa yangu, na mkono ni wangu. Linalofuata ndilo linaloninyima usingizi.

Ulikuwa na miaka kumi na sita ulipotaka kujifunza. Tulikwenda kwenye ule uwanja nyuma ya soko. Sanduku lilikuwa bado limefungwa kwenye keria, na kulifungua ni kazi ya nati nane, nikaona uvivu. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa uliyopanda pikipiki, ulikalia tangi. Hukujua kwamba kuna kukaa kwingine. Mimi nikasimama pembeni nikipiga kelele, kaza mkono, kaza, usilegeze, pikipiki itakutupa. Ulikuwa umeshika usukani mpaka mikono yako midogo ikawa myeupe kwenye viungo. Ukasimama ukaniambia mikono inauma. Nikakuambia itazoea.

Mkono hauzoei, mwanangu. Unanyamaza tu. Unalalamika mwaka, miaka miwili, na ukiona husikii unaacha kulalamika, na wewe unafurahi ukidhani umepona.

Miaka miwili sasa uko kwenye boda hapo Mamboleo, na kila siku nakuona ukipita mbele ya kibanda. Abiria umemshusha, nyuma yako kiti kizima kiko wazi kinakusubiri, na wewe uko juu ya tangi, viwiko vimenyooka, mabega yamepanda masikioni. Unakaa kama mimi. Watu wa steji wanakusifu, wanasema binti wa Mzee anaendesha sawasawa na babake. Mimi nikisikia hivyo nataka kulia, na badala ya kulia nakutafutia kosa lingine nikugombeze, mara helmeti, mara taa. Sikuwahi kukuambia kosa lenyewe. Ningekuambiaje bila kukuambia limetoka wapi?

Unajua nina ganzi. Hujui ganzi ni nini ikishahamia moja kwa moja. Nikitia udhu natazama kwa macho kama maji yamefika vidoleni, maana vidole havinipi habari. Ijumaa mama yako hunifunga vifungo vya kanzu, na ndiye ananiambia sufuria ni ya moto, kwa sababu mara mbili nimejua nimeungua kwa harufu. Nyama ya chini ya gumba imekwisha, pamekuwa bonde. Chapati siwezi kuikunja. Haya yote mtu anaweza kuyachukua kama uzee, akacheka nayo.

Lakini mama yako alipofiwa na dada yake, tulipokuwa tumesimama kaburini, alinishika mkono huu wa kulia. Nilijua amenishika kwa sababu niliangalia chini nikaona. Alikuwa ameubana kwa nguvu zake zote, na mimi sikuhisi kitu. Nikabaki nimesimama pale nikiuonea wivu mkono wangu wa kushoto, ambao bado unahisi. Hilo sijamwambia mpaka leo, na akisoma barua hii, basi asome.

Asubuhi nilipoanza tena habari ya ile fomu, uliweka kikombe chini ukaniambia, "Baba, wewe mwenyewe hujawahi kwenda hospitali. Unanihubiria nini?" Nikapiga meza. Sikupiga meza kwa sababu ulinikosea adabu, ingawa ulinikosea. Nilipiga kwa sababu sikuwa na jibu. Mtu mwenye jibu hapigi meza.

Nimekuwa nikilitafuta jibu hilo tangu uondoke. Zamani nilikuwa naogopa kwamba daktari ataniambia niache pikipiki, na akina mama wa bichi walionikodi kubeba wakisikia mkono wangu umekufa watampa mtu mwingine samaki wao. Hiyo ilikuwa sababu, hata kama ni mbaya. Lakini samaki niliacha mwaka wa tatu sasa. Siendeshi tena. Hospitali ipo, nauli ipo, muda ninao tele, nakaa kibandani nikihesabu malori. Kwa nini sijaenda? Kwa sababu najua swali la kwanza atakaloniuliza. Ataniuliza, tangu lini? Na mimi itabidi niseme, tangu mwanangu yuko darasa la sita. Halafu atanitazama. Mtazamo huo ndio nimeukimbia miaka yote hii, mzee mzima na ndevu zangu. Mficha maradhi kilio humfichua, mama yako hunisomea methali hiyo kila akifika kifungo cha tatu, na mimi huwa namwambia afunge haraka tunachelewa swala.

Kwa hiyo najua kwa nini uliandika hapana. Unaogopa watakunyima kazi. Sitakudanganya kwamba hawatakunyima, mimi siwajui watu hao. Pengine watakuchelewesha. Pengine watakwambia upumzishe mkono kwanza, na yule msichana wa pili kwenye orodha yao atachukua nafasi yako, na utarudi hapa na begi lako, na majirani watauliza. Naliona hilo vizuri na linaniuma kama linavyokuuma. Kazi hii umeihangaikia.

Lakini utakuwa umebeba damu ya watu, Rehema. Si mbuta. Mtoto wa mtu amechomwa sindano akalia, damu yake iko kwenye kisanduku nyuma yako, na mama yake anasubiri majibu. Siku moja mbele yako kutakuwa na ng'ombe. Utavitazama vidole vyako viko juu ya breki. Nakuomba ufikirie hapo tu, sehemu nyingine zote za barua hii unaweza kusema ni maneno ya mzee mwenye hasira.

Na mkono wako bado unakwenda na kurudi. Unaukung'uta, unaamka. Ganzi inayoondoka ukikung'uta ni ganzi ambayo bado inasikia dawa, na huenda dawa yenyewe ni ndogo, kulala na kifundo kimefungwa kibao, kubadilisha unavyokaa, miezi michache. Wangu hauendi wala haurudi. Ndiyo maana nakasirika hivi, kwa sababu wewe umesimama mahali ambapo mimi nilisimama siku ile kwa Jasbir, na bado mlango uko wazi, na wewe unaupita kwa mbio ukisema ni baridi tu.

Kuna jambo nimelifanya leo na lazima nikuambie, usije ukapata ajali kwa ajili yangu. Ulipoondoka nilichukua spana ya kumi nikaenda kwenye pikipiki yako, nikalegeza nati za breki na za klachi nizishushe kama Jasbir alivyonifanyia. Kulegeza niliweza. Kukaza nimeshindwa, spana inazunguka kiganjani. Nimekaa chini pale uani nikaitukana ile spana matusi ambayo sitayaandika. Kwa hiyo ziko legelege, na ufunguo nimeutia mfukoni mwangu mpaka uzikaze. Panda kwanza. Kaa kitini, nyuma kabisa, mpaka usikie keria. Nyoosha mikono mbele kama unayepokea sahani, uone vidole vinaangukia wapi, ndipo uzikaze hapo. Kaza nati, mkono usiukaze. Usukani ushike kama unavyomshika kifaranga, asitoroke wala asife. Tazama na nati za injini, moja nimeiona imelegea. Kipande cha tyubu ulichokifunga kwenye mshikio wa mafuta nimekikata kwa kisu cha mama yako. Ndiyo, nilikiona. Ulidhani wewe ndiye uliyekivumbua?

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Nimeitia sahihi, mbaya kama ilivyo, kwa sababu wewe ni mtu mzima na sitakushika kwa karatasi. Lile jibu sijaligusa. Ni mwandiko wako.

Ila kesho huondoki peke yako. Nimeipangusa vumbi helmeti yangu. Utanibeba mpaka Kombewa, na sijawahi kubebwa na mtu kwenye pikipiki tangu nijue kuendesha, kwa hiyo nikikukosoa njiani nivumilie. Tutashuka pale hospitalini. Feri ya mchana utaiwahi, nimehesabu saa. Mama yako nimeshamwambia kupitia dirisha la kibanda chake nilipotoka msikitini, akaacha unga akanitazama, akasema, "Baba Rehema, kumbe uko hai," na akarudi kukanda. Nitarudi kwa gari, usinihofie.

Tutaingia wote wawili. Sitakusukuma na sitasema habari zako mbele ya mtu. Mimi nitaanza. Nitauweka huu mkono juu ya meza ya daktari, nitamwambia sihisi kitu, na akiniuliza tangu lini nitamwambia ukweli. Wewe kaa karibu yangu usikilize tu. Nilikufundisha kuendesha, nilikufundisha kukaza, nilikufundisha hata kudanganya kuhusu baridi, lakini hujawahi kunisikia nikisema kwamba naumwa, na sidhani mtu anaweza kusema jambo ambalo hajawahi kulisikia nyumbani kwao.

Ni mimi baba yako, ambaye bado amekasirika.